Mstari wa Majivu na Kamba ya Jabali

Paukwa!

— Pakawa!

Hadithi ni kamba. Ncha moja nimeishika mimi.

— Ncha ya pili tumeishika sisi!

Nikiteleza?

— Tutakuvuta!

Nikizidisha chumvi?

— Tutakunywa maji!

Basi sogezeni vigoda. Mwenye kukohoa akohoe sasa, maana tunashuka.

Hapo zamani za kale, wakati wanyama walikuwa bado hawajaamua kutunyamazia, palikuwa na kijiji kikiitwa Kwemasega. Kijiji kilikaa chini ya jabali. Jabali lenyewe refu, refu, refu. Ukiinua kichwa uone kilele, kofia inadondoka nyuma. Katikati ya jabali waliishi nyuki. Asali yao ilikuwa nyeusi na nzito, na arusi ambayo bibi na bwana hawakulamba asali hiyo, watu wa Kwemasega waliihesabu kuwa ni mazungumzo tu.

Asali hiyo ilirinwa hivi. Mrina asali alizunguka nyuma ya jabali kwa njia ya mbuzi mpaka kileleni. Akafunga kamba ya katani kwenye mgunga uliosimama pale, akajifunga ncha ya pili kiunoni, akashuka na kienge cha moshi na mkoba wa ngozi. Na hakumwambia mtu. Huo ndio ulikuwa mwiko wa Kwemasega: safari ya asali haitajwi. Walisema ukiitaja, nyuki husikia, wakakungoja na miiba imenolewa. Kwa hiyo mrina asali alitoka nyumbani kama mtu anayekwenda kuchimba dawa, na hata mkewe hakumuuliza.

Mrina asali hodari kuliko wote aliitwa Sechambo. Alikuwa na mke na binti mmoja, Namkunda. Kila aliporudi, binti alimuuliza:

"Baba, huko umeona nini?"

"Mwanangu, katikati ya jabali pana tundu. Tundu lile linapumua. Ukiweka sikio, unasikia kama watu wanaozungumza chumba cha pili."

"Wanasema nini, baba?"

"Ah! Ningejua, ningeshuka tena?"

Siku moja Sechambo akatoka bila kuaga, kama ilivyo ada. Jua likapanda, jua likasimama, jua likashuka, Sechambo hakurudi. Kesho yake wakamwona amekwama juu ya ukingo wa jiwe, amekufa, na nusu ya kamba iko kiunoni. Rafiki yake Kiluwa akapanda kumtoa. Akamtoa, lakini katika kushuka aliteleza, mguu ukavunjika, ukaunga vibaya. Tangu siku hiyo Kiluwa alitembea kama mtu anayeomba radhi kwa kila hatua.

Matanga yalipokwisha, Mama Namkunda akaenda kwa Jumbe Shekiondo.

"Jumbe, mume wangu nimemzika. Na binti yangu ana macho ya baba yake. Nimemwona analitazama jabali. Chora mstari, Jumbe. Nakuomba."

Jumbe Shekiondo alikuwa mtu mwema. Nasema mwema, wala msicheke mapema. Aliwapenda watu wake mpaka akawa anawahesabu kama kuku kabla ya kulala. Akachukua kapu la majivu, akaenda kwenye njia ya mbuzi, akachora mstari mweupe toka kichaka hata kichaka, akaimba:

*Hapa mwisho, hapa kikomo,*
*ipende roho yako kama niipendavyo mimi,*
*rudisha mguu nyumbani!*

Watu wakaitikia, "Tumerudisha!"

Wakarudi wote. Namkunda akabaki. Akaketi, vidole vya miguu upande huu, macho upande ule.

Akapita Kobe. Akauvuka mstari polepole, tumbo lake likafuta majivu kidogo, wala hakuuliza ni nini.

"Kobe," akasema Namkunda, "wewe mstari wako umechorwa wapi?"

"Wangu nimeubeba mgongoni," Kobe akasema. "Kikivuma kitu, naingia ndani. Kikinyamaza, natoka."

"Na umeishi miaka mingi?"

"Nimewazika babu zako watatu."

"Na umefika wapi?"

Kobe akafikiri. Alifikiri mpaka kivuli kikahama. "Nimefika hapa," akasema. "Panatosha. Lakini nisikudanganye, huwa nawatazama ndege." Akaingia ndani ya gamba lake, na Namkunda hakujua kama amelala au anaona haya.

Haukupita mwezi, ajuza mmoja akateleza kwenye mawe ya mtoni. Mtungi ukavunjika, na meno mawili, kati ya matatu aliyokuwa nayo, yakaenda na maji. Jumbe Shekiondo hakulala. Asubuhi akachukua kapu lake, akachora mstari kandokando ya mto, akaimba:

*Hapa mwisho, hapa kikomo,*
*ipende roho yako kama niipendavyo mimi,*
*rudisha mguu nyumbani!*

"Tumerudisha!" watu wakaitikia, na sauti ilikuwa imepungua kidogo. Wakaanza kunywa maji ya dimbwi, wakigombea kata na vyura.

Siku hiyo Namkunda akakaa tena chini ya jabali. Kwenye mwamba akamwona Pimbi mmoja amesimama peke yake juani, shingo imenyooka, na wenzake wanakula majani chini.

"Pimbi, mbona wewe huli?"

"Zamu yangu," Pimbi akasema bila kugeuza kichwa. "Natazama tai. Akija napiga kelele, wenzangu wanaingia pangoni."

"Na wewe?"

"Mimi niko mbali na pango kuliko wote. Mara nyingi nawahi."

"Mara nyingi!"

"Sikusema zote."

"Wenzako hawakukatazi?"

"Wanikataze, nani atatazama? Ila hakuna anayesimama hapa bila wenzake kujua. Kabla sijapanda, wananinusa mmoja mmoja. Sasa niache, umenifanya nisione upande wa kushoto."

Haukupita mwezi wa pili, mjukuu wa Jumbe akagusa chungu cha moto, akaungua kidole. Kidole kimoja, kile kidogo. Jumbe alilia kuliko mtoto. Akachukua kapu, akaenda nyumba kwa nyumba, akayazungushia majivu mafiga yote ya Kwemasega, akaimba:

*Hapa mwisho, hapa kikomo,*
*ipende roho yako kama niipendavyo mimi,*
*rudisha mguu nyumbani!*

Watu wakasema, "Tumerudisha," lakini walisema kama wanaotema mbegu. Moto ukazimwa. Wakala mahindi ya kulowekwa na mihogo mibichi. Matumbo yakapiga ngoma usiku na mchana, na ngoma ile hakuna aliyetaka kuketi karibu na mpigaji wake.

Namkunda alikuwa ameketi kizingitini anatafuna muhogo, Nyuki akatua mkononi mwake.

"Usinipige," Nyuki akasema. "Nimechoka, napumzika."

"Sikupigi. Nina swali. Ni kweli tukitaja safari ya asali mnasikia?"

Nyuki akacheka mpaka mabawa yakalia. "Sisi? Tuna mabuu ya kulisha, nta ya kujenga, maua elfu ya kuzuru kabla ya jua kuzama. Nani ana nafasi ya kusikiliza vibarazani kwenu?"

Namkunda akaacha kutafuna.

"Basi nijibu la pili. Nyuki akichoma mtu, yeye mwenyewe hufa. Mnawezaje kumruhusu?"

"Hatumruhusu, wala hatumkatazi. Anayechoma anajua mzinga uko nyuma yake. Nami nikuulize, binti Sechambo. Baba yako alipoanguka, nani mwingine alianguka?"

Nyuki akaruka. Namkunda akabaki na swali mkononi, pale pale Nyuki alipokuwa.

Akaondoka, akaenda kwa Kiluwa. Akamkuta anachonga mpini, mguu mbaya umenyooshwa mbele.

"Baba mdogo, shikamoo."

"Marahaba. Umekuja kuniuliza kitu. Ukija kusalimia tu huwa hukunji uso."

"Unamlaumu baba?"

Kiluwa akapuliza vumbi la mbao. "Simlaumu. Alipenda jabali kama wengine wanavyopenda kuoa. Lakini nimeiona kamba ile, Namkunda. Haikuoza. Ilisagika pale kileleni, kwenye meno ya jiwe, uzi mmoja mmoja. Mgunga uliishika vizuri sana. Ila mgunga hauna macho. Mtu angekuwepo pale angeona, angesogeza kamba, angepiga kelele. Baba yako angeniambia, ningekaa. Tena ningekaa na muhogo wangu wa kuchoma, tukipiga soga. Hakuniambia, kwa sababu ya nyuki."

"Nyuki hawasikii," akasema Namkunda.

"Nini?"

"Nyuki hawasikilizi. Nimemuuliza."

Kiluwa akaweka kisu chini. Mpini ule haukumalizika siku hiyo.

Basi ikawa asubuhi moja Jumbe Shekiondo akawaona watoto juu ya mpera. Moyo ukamruka. "Kapu langu!" akaita. Akatia mkono, akakuna chini. Kapu tupu.

"Leteni majivu!"

Watu wakatazamana.

"Jumbe," akasema ajuza wa meno, "majivu yanatoka wapi?"

"Jikoni."

"Jikoni kwa nani?"

Jumbe akayatazama mapaa ya nyumba: hata moja halikutoa moshi. Kiluwa ndiye aliyeanza kucheka, halafu ajuza kwa jino lake moja, halafu kijiji kizima, kicheko cha watu wenye njaa, ambacho ni kirefu kuliko vicheko vyote. Na Jumbe, kwa kuwa alikuwa mtu mwema, akaketi juu ya kapu lake akasema kwa unyonge:

"Basi niambieni. Nikichora mnalia. Nisipochora mnakufa. Mstari niuweke wapi?"

Hapo pakawa baraza. Kijana mmoja akasema, "Usiweke popote. Roho ni ya mtu mwenyewe. Anayetaka kuanguka aanguke!"

"Roho ni yake," akasema Kiluwa, "mguu ni wangu."

Kijana akatazama mguu, akaketi.

Mwingine akasema, "Basi kila kitu kikatazwe, tuwe salama."

Ajuza akasimama. "Mimi nimeoga mto ule miaka sabini. Meno mawili nimempa mto, wala sikumtuma mtu akaniletee. Mmeninyima mto ili nisife. Haya, sijafa. Ninanuka."

Watu walio karibu naye wakakubali kwa vichwa.

Namkunda akasimama. "Mimi nataka kushuka jabali," akasema. "Sitaki kuficha. Nataka kusikia tundu linalopumua. Nikikatazwa, ipo siku nitatoka kimya kama baba, na mtaniokota kimya kama baba. Ndiyo maana nasema mbele yenu, mwiko au si mwiko."

Wote wakamgeukia Mama Namkunda. Yeye ndiye aliyeomba mstari wa kwanza. Yeye ndiye aliyekuwa na mmoja tu aliyebaki.

"Namkunda."

"Abee, mama."

"Nikikukataza utakwenda?"

"Sijui, mama. Naogopa kwamba nitakwenda."

"Nami naogopa hivyo hivyo." Akajifunga kanga kiunoni. "Mume wangu alifungwa kwenye mti. Mti haukumlilia. Kuanzia leo, anayeshuka jabali atashikwa na yule atakayelia. Mgunga ushike nyuma yangu kama unataka. Kiluwa akae ukingoni na ngozi ya mbuzi, kamba isisagike. Na majivu..." akamtazama Jumbe, "Jumbe, niwashe moto?"

"Washa, mama," akasema Jumbe. "Lakini pole pole."

Akawasha moto, wakala ugali wa moto kwanza, maana mambo makubwa hayaamuliwi kwa mahindi mabichi. Jivu lilipopoa, Mama Namkunda akachota, akalilowesha, akalipaka kwenye kamba. Mstari mmoja mweupe, pale alipopataka yeye.

"Huu ndio mstari," akasema. "Majivu yakifika mkononi mwangu, siongezi."

Kesho yake, kweupe, mbele ya kijiji kizima, tena kwa ngoma, Namkunda akashuka jabali. Mama akaachia kamba pima moja, pima mbili, pima tatu, mpaka katikati ya jabali. Moshi ukapanda. Nyuki wakavuma. Namkunda akakata sega, akakata la pili, akatia mkobani. Halafu akaliona: chini yake kidogo, jeusi, la mviringo, majani ya ukingoni yanakwenda ndani, yanakuja nje. Tundu linapumua.

"Mama! Ongeza pima moja!"

"Majivu yamefika mkononi!"

"Nusu pima!"

"Majivu yamefika mkononi!"

"Shubiri, mama! Shubiri moja, naliona!"

Kamba haikuongezwa.

Jiwe lilikuwa na mahali pazuri pa kushika. Fundo la kiunoni lilikuwa jepesi. Angeweza kulifungua, akajinyoosha, akaweka sikio, akarudi. Nani angejua? Mkono ukaenda kwenye fundo. Akainua macho kuitazama kamba.

Kamba ilikuwa inatetemeka.

Upepo haukuwapo. Nyuki hawakuigusa. Ilikuwa inatetemeka toka juu mpaka chini, mpaka kiunoni mwake, kama mtu anayejizuia kusema neno.

Namkunda akauondoa mkono kwenye fundo. Akavuta kamba mara tatu. Wakampandisha.

Mama yake hakumkumbatia mbele za watu. Alimpangusa masizi puani, akauliza, "Umelisikia?"

"Bado shubiri moja."

Mama akavikunja vidole, akavikunjua. Viganja vilikuwa vimechubuka. Lakini kesho yake alipoileta kamba, Namkunda akaona mstari umesogea. Pima moja nzima.

"Jana mikono yangu ilikuwa migeni," akasema mama.

Namkunda akashuka. Akafika kwenye tundu, akaweka sikio. Akakaa, akakaa, akakaa. Akapanda na uso wa mtu aliyetoka mbali.

"Enhe?" akauliza mama. "Kweli linapumua?"

"Linapumua, mama. Hewa yake ina joto."

"Na kuna watu?"

"Kama wanaozungumza chumba cha pili."

"Wanasema nini?"

"Ah! Ningejua, ningeshuka tena?"

Mama Namkunda akageuza uso. Maneno yale alikuwa ameyasikia zamani, kwa sauti nyingine.

Arusi za Kwemasega zikawa arusi tena. Mto ukarudishiwa watu, ila ajuza akawekewa mti wa kushikilia, na anautukana kila siku na kuushika kila siku. Mafiga yakapewa moto. Watoto wakarudi kwenye mpera, na Jumbe Shekiondo akasimama chini yake, mikono ameinyoosha, mpaka mapera yalipokwisha. Hiyo ikawa kazi yake, na aliifanya vizuri.

Msimu wa pili wa asali ukafika. Asubuhi Namkunda akaikuta kamba imetandazwa uani, na mama yake amejifunga ncha kiunoni.

"Mama! Unafanya nini?"

"Leo kamba shika wewe."

"Unakwenda wapi?"

"Kuna watu wanazungumza chumba cha pili," akasema mama. "Nataka kusikia kama kuna sauti ninayoijua."

Namkunda akatafuta maneno. Yale aliyoyapata yalikuwa ya Jumbe, akayameza. Akachukua majivu, akayalowesha, akapima kamba, akapaka mstari. Mama akautazama mstari ule, akacheka, na kicheko chake kilikuwa hakijasikika tangu matanga.

"Namkunda, mwanangu! Pima mbili? Na wewe nilikupa ngapi?"

"Mama, majivu ndiyo hayo hayo."

"Hapo hata nyuki sitawafikia!"

"Ndiyo hayo hayo, mama. Kesho tutazungumza."

Na kamba ikaanza kutetemeka kabla hata hawajatoka uani.

Basi jamani, hadithi yangu imefika kwenye majivu, siongezi pima. Roho ya mtu ni yake, lakini kamba yake ina mikono ya watu. Mstari usichorwe na anayeogopa peke yake, wala na anayetamani peke yake. Wauchore wote wawili, tena mchana, na kesho wautazame upya. Atakayeniuliza kamba iwe pima ngapi, nami nitamuuliza: nani ameishika?

Mimi mwenyewe nilikuwapo arusini, nikalambishwa asali ile. Mnauliza kama nilishuka jabali? Nilikaa na Kobe. Tulikuwa tunawatazama ndege.

Ncha yangu naiachia. Mmeshika?

— Tumeshika!

Basi nivuteni, magoti yangu hayainuki.